Umeme wa mpakani unahitaji ratiba moja

Kenya ilianza kununua umeme wa Uganda mwaka 1958, kutoka bwawa la Owen Falls mjini Jinja, kwa laini ya kilovolti 132 inayopitia Tororo. Laini hiyo ina umri kuliko uhuru wa nchi zote mbili. Mradi wa laini kubwa zaidi, kutoka Bujagali hadi Lessos kupitia Tororo, uligawanywa mpakani: UETCL upande wa Uganda, KETRACO upande wa Kenya.

Hapo ndipo penye kazi. Barabara ikikwamia nusu njia, bodaboda atapita vumbini. Laini ikikosa nguzo chache tu, haipitishi kitu. Na mara nyingi nguzo hukwama shambani, kwa mwenye ardhi ambaye hajalipwa fidia, au kwa ndugu wanaogombania nani alipwe. Kwa hiyo meneja anayeripoti kwamba kazi imefika asilimia 95 hajasema lolote kuhusu umeme.

Kenya inalijua hili. Mitambo ya upepo ya Turkana ilikamilika mwaka 2017, laini ya kwenda Suswa ikachelewa hadi Septemba 2018. Mzalishaji ilibidi alipwe kwa umeme usiofika kwa mtu.

Pale Busia, maofisa wa forodha wa nchi mbili wanafanya kazi katika kituo kimoja, kilichozinduliwa mwaka 2018. Mashirika ya umeme nayo yangeanza na daftari moja la fidia, Tororo na ng'ambo, kabla mkandarasi hajachimba shimo.