Mashati Mekundu na Deni la Mwandishi: Hoja Dhidi ya Utetezi wa Riwaya Nyepesi

Utangulizi

Kuna hoja ambayo hutolewa kila mara riwaya nyepesi inapotiwa mizanini, nayo ni kwamba kitabu kilichoandikwa ili kuchekesha hakifai kudaiwa zaidi ya kicheko. Hoja hii ina sura ya unyenyekevu lakini ndani yake mna dharau mbili. Inamdharau mwandishi kwa kumchukulia kama mtu asiyewajibikia alichokisema. Tena inamdharau msomaji kwa kudhani kwamba akishacheka husahau alichoahidiwa. Makala haya yanaipinga hoja hiyo kwa kuichunguza riwaya moja mashuhuri ya kisayansi, Redshirts ya Mmarekani John Scalzi, iliyochapishwa mwaka 2012 na kutunukiwa Tuzo ya Hugo ya riwaya bora mwaka 2013. Inadaiwa hapa kwamba riwaya hii humwangusha msomaji, na kwamba sababu si wepesi wake. Humwangusha kwa kuwa inaweka ahadi nzito kwa ulimi wa mzaha, kisha inapodaiwa inajificha nyuma ya mzaha uo huo.

Ahadi Yenyewe

Jina la riwaya lina historia. Katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek, iliyoonyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza kati ya 1966 na 1969, wahudumu wa chombo cha angani walivaa sare za rangi mbalimbali. Nahodha na maafisa wake wakuu waliposhuka kwenye sayari ngeni, aghalabu waliandamana na kijana mmoja au wawili wa vyeo vya chini waliovaa mashati mekundu. Kijana huyo hakuwa na historia. Mara nyingine hakuwa hata na jina. Kazi yake ilikuwa kufa mapema ili mtazamaji ajue kwamba pana hatari. Watazamaji waliligundua jambo hilo, wakalifanyia utani, na hatimaye shati jekundu likawa istilahi ya kumtajia mhusika yeyote anayeletwa katika hadithi kwa madhumuni ya kuuawa.

Scalzi anauchukua utani huo na kuugeuza kuwa swali: itakuwaje iwapo wenye mashati watatambua hali yao? Afisa mdogo Andrew Dahl anahamishiwa kwenye chombo kiitwacho Intrepid, na punde anagundua kwamba wenzake wa maabara hutoweka ghafla, eti wamekwenda kuchukua kahawa, kila wakubwa wanapokuja kutafuta watu wa kuandamana nao. Anagundua pia kwamba nahodha Abernathy hurudi salama daima, na kwamba Luteni Kerensky hujeruhiwa vibaya mara kwa mara lakini hupona upesi kupita kiasi. Wafao ni wadogo. Jenkins, mtu aliyefiwa na mkewe kwa namna hiyohiyo na ambaye sasa anaishi mafichoni ndani ya chombo, ndiye anayeifichua siri: maisha yao yanatawaliwa na miswada ya tamthilia hafifu ya televisheni iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 21. Nguvu hiyo, waiitayo Simulizi, inapomshika mtu humfanya aseme asiyoyawaza, na hatimaye humwua kwa ajili ya msisimko wa dakika chache.

Haki itendeke: sehemu hii ya mwanzo imefaulu. Kuna kisanduku kinachofanana na jiko la maikrowevu, ambamo tatizo la kisayansi lisilo na ufumbuzi hutiwa, kengele ikalia, na jawabu likatoka kwa wakati hasa unaoifaa tamthilia. Hiyo ni kejeli kali dhidi ya watunzi wanaoitumia sayansi kama hirizi. Na katika sura ya awali, afisa Tom Davis, akiwa juu ya jabali ndani ya pango lenye minyoo walao watu, anayatafakari kwa kitambo kifupi maisha yake na sababu za kufa kwake, kisha anakufa. Hapo ndipo ahadi inapowekwa. Msomaji anaambiwa kwamba safari hii yule afaye bila jina atapewa nafsi, na kwamba kicheko kitakuwa upande wake. Wahenga walisema ahadi ni deni. Haikusemwa kwamba ahadi ya mcheshi imesamehewa.

Sauti Moja kwa Watu Watano

Deni la kwanza lisilolipwa liko katika usawiri wa wahusika. Pamoja na Dahl wamo Duvall, Hanson, Hester na Finn. Kila mmoja amebandikwa sifa moja: Dahl amewahi kusomea dini ya viumbe wa Forshan, Hanson ni mtoto wa tajiri, na kadhalika. Lakini wafungapo mazungumzo yao, hakuna awezaye kuwatofautisha. Wote ni wepesi wa kujibu, wote wana kejeli ya aina moja, na wote huongea kwa sentensi fupi za kurushiana kama wachezaji wa mpira. Ukiyaondoa majina yao katika kurasa za majibizano, mazungumzo yanabaki kama ya mtu mmoja anayejitania. Hata ile elimu ya Dahl ya kidini, ambayo ingeweza kumpa namna ya pekee ya kukitazama kifo na majaliwa, haitumiki ila pale msuko unapoihitaji. Huo ndio uhusiano uleule ambao tamthilia inayokejeliwa inao na watu wake. Nyani haoni kundule.

Watetezi wa riwaya wana jibu tayari. Husema kwamba ubapa huo umekusudiwa, kwani hawa ni viumbe wa mtunzi hafifu. Jibu hili halisimami kwa sababu mbili. Kwanza, linapingwa na hadithi yenyewe. Dahl na wenzake wanasafiri hadi mwaka 2012, wanatoka nje ya himaya ya Simulizi, na kuanzia hapo hakuna mswada unaowatawala. Iwapo ubapa wao ulitokana na mswada, basi hapo walipaswa kubadilika: sauti zao zipanuke, woga na hasira zao zipate umbo. Hakuna kinachobadilika. Wanaongea Los Angeles kama walivyoongea angani. Kwa hiyo ubapa si wa mtunzi wa kubuniwa aliyemo riwayani. Ni wa mwandishi aliyeisaini riwaya.

Pili, fasihi ina mifano ya wahusika wasio na kitu waliofanywa watu kamili kwa kule kukosa kwao. Tom Stoppard, katika Rosencrantz and Guildenstern Are Dead, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966, aliwachukua wahusika wawili wadogo wa Hamlet wasiokumbuka walikotoka na wanaochanganyana majina yao wenyewe. Tamthilia hiyo inachekesha mno, lakini kicheko kinatoka ndani ya upungufu wao, na kadiri mtazamaji anavyocheka ndivyo kifo chao kinavyomwelemea. Kumwonyesha mhusika mtupu ni kazi ya sanaa. Kumwacha mtupu kisha kumsingizia mtu mwingine utupu huo ni kazi nyingine kabisa.

Mapatano Badala ya Maasi

Deni la pili limo katika msuko. Njia ya kwenda 2012 ni ya werevu: mashujaa wanamchukua Kerensky safarini kwa kuwa Simulizi haiwezi kumwacha mhusika mkuu afe, na kwa hivyo chombo kinachombeba hakiwezi kuangamia. Hapa kanuni ya mwenye nguvu inageuzwa kuwa silaha ya mnyonge. Ni mbinu ambayo msomaji wa Kiswahili anaitambua mara moja. Abunuwasi, aliporudisha sufuria aliyoazima pamoja na kijisufuria akadai kwamba imezaa, na mwenyewe akakubali kwa tamaa, hakuhitaji baadaye kuomba lolote: aliposema sufuria imekufa, mwenyewe alikuwa amekwisha kujifunga kwa mantiki aliyoikubali. Ucheshi wa hekaya za namna hiyo una meno kwa sababu mdogo hushinda bila kupewa ushindi na mkubwa.

Redshirts inakaribia hapo, kisha inarudi nyuma. Mashujaa wanapomfikia Charles Paulson, mtayarishaji wa tamthilia, wanamkuta ana msiba wake: mwanawe Matthew, mwigizaji aliyecheza nafasi ya Hester, yuko hospitalini akiwa amepoteza fahamu baada ya ajali ya pikipiki. Mapatano yanafanywa. Hester anaingia katika mabadilishano yatakayomrudishia mtayarishaji mwanawe, na kwa malipo ya hayo mauaji ya ovyo yatakomeshwa. Yaani baada ya safari yote hiyo, uhai wa wadogo unapatikana kwa kumhudumia mkubwa. Haulizwi hata mara moja ni nani atakayewajibika kwa waliokwisha kufa. Mtunzi wa miswada, Nick Weinstein, anafadhaika kwa kitambo, lakini fadhaa yake inageuka kuwa tatizo lake la kikazi.

Jambo hili linapewa uzito linapolinganishwa na Niebla ya Mhispania Miguel de Unamuno, iliyochapishwa mwaka 1914. Humo mhusika Augusto Pérez anakwenda Salamanca kuonana na mwandishi wake, na baada ya kuambiwa kwamba yeye ni kiumbe wa kubuni na kwamba atakufa, anamgeukia mwandishi na kumkumbusha kwamba yeye naye atakufa, pamoja na wote watakaomsoma. Mhusika huyo hashindi, lakini anamwacha mwandishi bila mahali salama pa kusimama. Paulson na Weinstein hawaondolewi mahali pao. Mkutano wa kiumbe na muumba, ambao ndio kitovu cha wazo zima, unaishia kuwa mkataba wa kikazi.

Maiti Wanaofundisha Walio Hai

Kisha zinakuja tamati tatu, moja kwa nafsi ya kwanza, ya pili kwa nafsi ya pili, na ya tatu kwa nafsi ya tatu. Wengi huzisifu kuwa ndizo moyo wa riwaya, na kwa upande wa lugha wako sahihi: sentensi zinarefuka, sauti zinatofautiana, huzuni inaruhusiwa kukaa. Lakini sifa hiyo ndiyo ushahidi mkubwa dhidi ya kitabu. Inathibitisha kwamba Scalzi aliweza. Swali ni aliwapa nani uwezo huo. Tamati ya kwanza ni ya Weinstein, ambaye kalamu yake imekwama. Ya pili ni ya Matthew, ambaye anajiuliza afanyeje na maisha aliyorudishiwa. Ya tatu ni ya Samantha Martinez, mwigizaji aliyewahi kuicheza nafasi ya mke wa Jenkins na ambaye sasa anayafahamu maisha ya mwanamke huyo. Wote watatu ni watu wa 2012, wa upande wa kalamu na kamera. Waliokufa wamekuwa mafunzo kwao. Mke wa Jenkins, aliyeuawa ili kipindi kisisimue, sasa anatumika ili mwigizaji apate kuguswa. Ametumiwa mara mbili, na mara hii kwa heshima.

Na kabla ya tamati hizo, riwaya inajihukumu kwa mkono wake. Karibu na mwisho wa hadithi kuu, msimulizi anatangaza kwamba chombo kimegonga kijisayari na kila mtu amekufa, kisha mara moja anasema alikuwa akitania, na kwamba wote waliishi raha mustarehe. Msomaji hucheka, na inafaa ajiulize anacheka na nani. Mwandishi ameua watu wote kwa ajili ya athari ya sentensi moja, kisha amewafufua kwa sababu iyo hiyo. Hicho ndicho kitendo alichokishtaki kwa kitabu kizima.

Wepesi Si Udhuru

Itasemwa kwamba madai haya ni mazito mno kwa kitabu cha aina hii. Jibu limo ndani ya utanzu wenyewe. Mwaka 1979, Douglas Adams alichapisha The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, riwaya ambayo hakuna awezaye kuituhumu kwa uzito. Humo, juu ya sayari ya Magrathea, kombora linageuzwa ghafla kuwa nyangumi, na nyangumi huyo anaanza kuanguka. Ana muda mfupi tu wa kuishi. Katika muda huo anashangaa yeye ni nani, anaupa upepo jina, anaufurahia mkia wake, na anaitazama ardhi inayomkimbilia kwa matumaini ya urafiki. Kisha anafika chini. Kipande hicho hakina maana yoyote katika msuko, na nyangumi hana jina. Hata hivyo kifo chake ni cha mtu fulani. Finn, aliyefuatana na msomaji kwa sura kadhaa za Redshirts, hafi kifo cha uzito huo. Tofauti haitokani na wingi wa kurasa wala na kiasi cha mzaha. Adams alimtazama kiumbe wake kwa muda wote aliokuwa hai.

Hitimisho

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuigawa riwaya kwa makundi mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na kwa mazoea hayo kundi la pili limeachwa bila kudaiwa. Ni kosa, na si kwa vitabu vya kigeni pekee. Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, aliandika visa vya Bwana Msa ili vipendwe, na msomaji wake hakukosea kumdai kila fumbo lifumbuliwe na kila mshukiwa aelezwe. Kuipenda riwaya ni kuiamini, na anayeaminiwa ndiye anayeweza kusaliti. Anayeitetea Redshirts kwa kusema ni mzaha tu hamfanyii Scalzi hisani. Anamwondoa miongoni mwa waandishi wanaoweza kuwa na deni, na pamoja naye anawaondoa Davis, Finn na mke wa Jenkins miongoni mwa watu wanaoweza kudai.