Stockholm: Mwenye gari aliulizwa, abiria je?

Alfajiri, kabla jiji la Stockholm halijaamka, treni za chini ya ardhi za njia ya buluu hutoka Hjulsta, Tensta na Rinkeby zikiwa tayari na abiria. Wengi wao ni wahamiaji: wasafishaji wa ofisi, wahudumu wa nyumba za wazee na wapishi, baadhi yao wakitoka Somalia, Eritrea na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Ifikapo saa 12 asubuhi, kamera zilizofungwa kwenye barabara zinazoingia katikati ya jiji nazo huanza kazi. Husoma namba za magari yanayopita ili wenye magari hayo watozwe kodi ya msongamano.

Kodi hiyo ndiyo iliyolipatia jiji hili sifa miongoni mwa wapangaji wa miji duniani. Sifa hiyo ina msingi, lakini inaeleza nusu tu ya habari.

Ahadi iliyovunjwa

Kodi yenyewe ilizaliwa katika mazingira ya uchungu. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2002, kiongozi wa chama cha Social Democrats katika jiji hilo, Annika Billström, aliahidi kwamba wenye magari hawatatozwa chochote kuingia mjini. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, chama cha Kijani kiliifanya tozo hiyo kuwa sharti la kuiunga mkono serikali ya Waziri Mkuu Göran Persson, na ahadi ikaanguka. Hasira za wakazi ndizo zilizochangia kuzaa jambo ambalo wanasiasa hawalipendi sana: jaribio kwanza, kura ya maoni baadaye.

Mwezi Agosti 2005 yaliongezwa mabasi karibu 200 na njia mpya 16, miezi kadhaa kabla ya dereva yeyote kutozwa hata senti. Kisha, kuanzia tarehe 3 Januari hadi 31 Julai 2006, kodi ilitozwa kwa majaribio. Magari yanayovuka mpaka wa katikati ya jiji yalipungua kwa takriban asilimia 20. Watu waliokuwa wakipinga walijionea wenyewe barabara bila foleni, na wengi walibadili mawazo. Tarehe 17 Septemba 2006 wakazi wa jiji waliikubali kodi kwa asilimia 51.3 dhidi ya 45.5. Manispaa kadhaa za jirani, ambazo watu wake huingia mjini kila siku kwa magari, ziliandaa kura zao, na huko wengi waliikataa.

Siku hiyo hiyo uchaguzi mkuu uliuingiza madarakani muungano wa vyama vya mrengo wa kulia ulioongozwa na Fredrik Reinfeldt. Serikali yake haikuifuta kodi. Iliirejesha rasmi Agosti 2007, lakini ikaamua kuwa mapato yatajenga barabara. Iliwezekana kwa sababu kwa sheria za Sweden tozo hii ni kodi ya taifa, inayopitishwa na bunge, na si ada ya halmashauri ya jiji. Miongoni mwa miradi iliyonufaika ni Förbifart Stockholm, barabara kuu ya kilomita 21 inayopita zaidi kwenye mahandaki magharibi mwa jiji. Kwa maneno mengine, tozo iliyobuniwa kupunguza magari ikageuka kuwa mfuko wa kuyajengea njia.

Watetezi wa mradi huo wana hoja isiyostahili kubezwa. Stockholm imejengwa juu ya visiwa, na njia za kuvuka maji kutoka kaskazini hadi kusini ni chache mno. Aidha, makubaliano ya mwaka 2013 baina ya serikali, mkoa na manispaa yaliielekeza sehemu ya kodi kwenye reli ya chini ya ardhi, ili irefushwe kuelekea Nacka, Solna na Barkarby. Kwa ajili hiyo viwango vilipandishwa mwaka 2016, na barabara kuu ya Essingeleden, ambayo awali ilisamehewa, nayo ikaingizwa.

Msomaji wa Nairobi atalinganisha na barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Huko pia mwenye gari hulipa, lakini fedha huenda kwa kampuni iliyojenga, na matatu nyingi zimebaki chini zikisongamana kama zamani. Hakuna aliyeanza kwa kuongeza mabasi.

Malangoni mwa stesheni

Hata Stockholm, hata hivyo, utaratibu wa kujaribu na kuuliza uliishia kwa wenye magari. Nauli hupangwa na baraza la mkoa, na hugharimia karibu nusu ya uendeshaji, nusu nyingine ikitokana na kodi. Tiketi ya siku 30 iliyouzwa kronor 790 mwaka 2012 sasa imevuka kronor 1,000. Ni kweli kwamba Januari 2017 mgawanyo wa nauli kwa kanda ulifutwa, jambo lililompa nafuu anayesafiri kutoka mbali. Lakini kura ya maoni kuhusu nauli haikuwahi kupigwa.

Upinzani uliojitokeza ni wa aina yake. Tangu mwaka 2001 kundi la Planka.nu, linalodai usafiri wa umma uwe wa bure, limekuwa likiendesha mfuko ambao wanachama huchangia kila mwezi, na mfuko ukawalipia faini wanaponaswa bila tiketi. Wanasiasa wameuita wizi. Wenyewe huuita bima.

Adhabu zenyewe zinastahili kutazamwa. Mwenye gari hupelekewa bili ya mwezi mzima, na akichelewa kulipa huongezewa kronor 500. Abiria asiye na tiketi hutozwa kronor 1,500 papo hapo. Kisheria adhabu zote mbili zina jina moja: malipo ya nyongeza.

Na kwa baadhi ya abiria fedha haikuwa hofu kubwa kuliko zote. Mapema mwaka 2013, chini ya mpango wa polisi ulioitwa REVA wa kuharakisha kuwaondoa nchini watu wasio na vibali, polisi walionekana kwenye stesheni wakidai vitambulisho, na malalamiko yakazagaa kwamba wanaosimamishwa ni wale wenye rangi na nywele zisizo za Kiswidi, raia wakiwemo. Watu walitumiana ujumbe wa simu kuonyana stesheni zipi ziepukwe. Mwezi Machi mwaka huo mwandishi Jonas Hassen Khemiri alimwandikia Waziri wa Sheria, Beatrice Ask, barua ya wazi katika gazeti la Dagens Nyheter, akimtaka wabadilishane miili kwa siku moja ili waziri aonje maisha ya kutiliwa shaka. Barua hiyo ilisambaa nchi nzima na kutafsiriwa katika lugha nyingi.

Kamera za barabarani, katika kipindi chote hicho, ziliendelea kusoma namba za magari tu.