Mashine ni yako, betri ni ya nani?

Leo naomba tuache siasa kidogo. Rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani, ambaye sasa anaishi Ohio, Marekani, kaniuliza kama anunue mashine ya umeme ya kukatia nyasi, ile ndogo unayoikalia na kuiendesha kama trekta. Namjibu hapa hapa, maana jibu linatuhusu hata sisi tusio na nyasi za kukata.

Sifa zake nazikubali. Haili petroli, haina oili ya kubadilisha, haina plagi wala kabureta, na jirani analala. Lakini anayekwambia haina matengenezo anakudanganya. Matengenezo yamehama tu, yametoka kwenye injini yakaenda kwenye betri.

Ukinunua yenye betri za risasi, ichaji kila ukimaliza kazi. Betri ya risasi ikikaa bila chaji inajifia taratibu. Zile za kuongezwa maji zinataka maji safi ya betri, siyo ya bomba, na chaji penye hewa, kwa sababu hutoa gesi inayoweza kulipuka. Za lithiamu ni nyepesi na hazidai maji, ila usizichaji kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, na Ohio baridi hiyo ipo. Halafu noa visu. Kisu butu kinachana nyasi badala ya kuzikata, mota inahangaika, na chaji inaisha kabla ya uwanja.

Haya yote ni madogo. Swali kubwa ni hili: betri ikifa, utapata wapi nyingine?

General Electric ya Marekani ilianza kuuza vitrekta vya umeme vya bustani, Elec-Trak, mwaka 1969. Baadaye ikaachana na biashara hiyo. Mpaka leo wapo watu wanaokatia nyasi kwa vitrekta hivyo. Siri yake siyo ngumu: vingi vilitumia betri 6 za volti 6, aina ile ile ya vigari vya gofu. Kampuni iliacha kuvitengeneza, betri zikaendelea kuuzwa madukani.

Sasa linganisha na mashine ambayo betri yake ina umbo la peke yake, plagi ya peke yake, na elektroniki inayokataa betri ya mtengenezaji mwingine. Siku kampuni ikiacha kutengeneza betri hiyo, umebaki na kiti chenye magurudumu manne. Watasema ni usalama. Ni kweli, lithiamu ikichezewa inawaka moto. Lakini usalama hauzuii watengenezaji kukubaliana vipimo vya pamoja, kama walivyokubaliana kwenye betri za magari.

Na sisi tusicheke. Kigali na Nairobi wapo bodaboda wa umeme ambao pikipiki ni zao, lakini betri ni za kampuni, wanabadilishana kituoni. Inapunguza bei ya kununua, sawa. Ila aliyeshika betri ndiye aliyeshika riziki yako.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Ohio, kabla ya kuuliza bei ya mashine, uliza bei ya betri ya pili na nani mwingine anaiuza. Ukikosa jibu, usinunue, utakuwa umepangishwa tu.

Naomba kuwasilisha.