Tetesi za kompyuta mpya: Hasara ya mzigo ulioko njiani ni ya nani?

Kila kampuni kubwa ya kompyuta inapokaribia kutangaza bidhaa mpya, tetesi huzagaa wiki nyingi kabla. Kwa mnunuzi wa kawaida hayo ni mazungumzo ya kijiweni. Kwa mfanyabiashara mwenye shehena dukani, au kontena lililoko baharini, ni suala la mtaji.

Mfano mzuri ni wa kampuni ya Apple ya Marekani. Kabla ya Januari 27, 2010, ilishavuma kwamba ingetoa tableti, yaani kompyuta bapa isiyo na kibodi. Ilidaiwa kuwa ingeitwa iSlate na bei yake ingekaribia dola 1,000. Siku ilipowadia jijini San Francisco, Steve Jobs alitangaza iPad, kwa bei ya kuanzia dola 499.

Tetesi zilipatia kuhusu bidhaa yenyewe, zikakosea jina na bei. Sababu haiko mbali. Bidhaa ya kiwandani hupita mikono mingi, kuanzia watengeneza vioo hadi wauza vipuri, hivyo ni vigumu kuificha. Bei hujulikana na wachache na huweza kubadilishwa dakika za mwisho. Isitoshe, bei kubwa inayovuma haimdhuru mtengenezaji: ile ya kweli ikiwa chini yake, huonekana nafuu.

Hata hivyo, bei nayo huvuja. Mwishoni mwa mwaka 2004 tovuti ya Think Secret iliandika kwamba Apple ingetoa kompyuta ndogo ya dola 499. Mapema Januari 2005 Apple ilifungua kesi, ikidai siri zake za biashara zimetolewa. Januari 11 Mac mini ikatangazwa kwa bei hiyo hiyo. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2007 na tovuti ikafungwa. Aliyekuwa makini angeng'amua mapema: mtu hashitaki kuibiwa asichokuwa nacho.

Kwa nini kampuni hunyamaza? Wengi hutaja kisa cha Osborne Computer, waliouza kompyuta za kubebeka. Mwaka 1983 habari za mashine yao mpya ziliwafikia wauzaji kabla haijawa tayari. Wauzaji wakapunguza oda za mashine ya zamani, na Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema ushindani na uendeshaji mbaya vilichangia pia, lakini watengenezaji wengi walilishika fundisho hilo.

Ukimya huo una gharama, na anayeilipa ni muuzaji. Wasambazaji wakubwa wenye mikataba na viwanda mara nyingi hufidiwa tofauti ya bei inaposhuka. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Luthuli Avenue anayenunua Dubai kwa fedha taslimu hana kinga hiyo. Bei ikishuka mzigo ukiwa njiani, hasara ni yake peke yake.

Wasafirishaji nao wajue kwamba tangazo si mzigo. iPad ilianza kuuzwa Marekani Aprili 3, 2010. Siku 11 baadaye Apple ilisogeza mbele mauzo ya nje kwa mwezi mmoja kwa sababu mahitaji yalizidi uzalishaji, na nchi tisa za kwanza nje ya Marekani zikaipata Mei 28. Aliyepanga nafasi ya ndege kwa kufuata tarehe ya awali alilazimika kupanga upya.

Kwa hiyo, tetesi ya bidhaa mpya inapotoka kwa watu wengi wasiohusiana, ni busara kuuza toleo la zamani mapema na kuagiza kidogo kidogo, hata kama nauli kwa kila kipande itapanda. Tetesi ya bei peke yake isimfanye mtu atume fedha. Na kabla ya kulipa, muuzaji wa jumla aulizwe swali moja, jibu liandikwe: bei ikishuka kabla mzigo haujafika, nani atabeba tofauti?