Neno la Mhariri: Bao Lisiloleta Kombe

Tuliwaomba waandishi wetu jambo dogo: kila mmoja amtaje mchezaji wa klabu yake ambaye hakuwa bora, hakudumu, pengine hakushinda chochote, lakini mashabiki wamekataa kumsahau. Tukaletewa Abdallah Kibadeni wa Simba mara tatu. Tukaletewa Sunday Manara, na Chama naye akaja. Umemtuma mtu dagaa, amerudi na sangara mzima, tena anasubiri pongezi.

Kibadeni hahitaji kurasa zetu. Mabao yake matatu ya 19 Julai 1977, siku Simba walipoichapa Yanga sita, yanasimuliwa hata na watoto wa Yanga waliozaliwa juzi, kwa uchungu wa kurithi. Makala zile nimezirudisha kwa wenyewe, na wawili mpaka leo hawapokei simu yangu.

Kosa si lao peke yao. Ni la huu mjadala wa "malejendi" uliotamalaki kwenye studio zetu, ambako kila asubuhi mchambuzi hufungua kompyuta na kutusomea: mabao kadhaa, asisti kadhaa, makombe kadhaa, basi huyu lejendi na yule hapana. Kumbukumbu ya mashabiki imegeuzwa daftari la mangi. Mimi nasema shabiki hakumbuki kwa hesabu, na ushahidi wangu ni beki mmoja wa Burundi.

Tarehe 20 Oktoba 2013, Uwanja wa Taifa. Hadi mapumziko Yanga wanaongoza 3-0, Ngassa moja, Kiiza mawili, na sisi wa Jangwani tumeshaanza kuwatumia watani meseji za pole. (Naam, mhariri ni wa Jangwani. Wanaotulalamikia kila toleo kwamba gazeti hili ni la Simba wa Msimbazi waisome sentensi hii mara mbili.) Kipindi cha pili Betram Mwombeki akarudisha moja, Joseph Owino akarudisha la pili, na dakika za lala salama Gilbert Kaze akasawazisha. Kocha wa Simba siku hiyo alikuwa nani? Abdallah Kibadeni. King mwenyewe, mwenye mabao yake matatu ya 1977, amekaa benchi anaokolewa na beki.

Kaze alikuwa amefika Msimbazi mwaka uleule akitokea Vital'O, mabingwa wa Kombe la Kagame wa 2013, pamoja na Amissi Tambwe. Tambwe alimaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi. Kwa daftari la mangi, Tambwe ndiye wa kukumbukwa, na kweli anakumbukwa, kama unavyomkumbuka mwalimu wako mzuri wa hesabu. Ukimtaja Kaze kwenye kijiwe cha Simba, watu wanasimama. Na bao lake lilileta nini? Sare. Pointi moja. Msimu ule Azam walichukua ubingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja, Simba wakamaliza wa nne. Ukitaka kuwa mkali, unaweza kusema bao lile halikubadilisha kitu chochote isipokuwa usiku wangu.

Lakini hapo hasa ndipo penye jambo. Mfungaji bora tunamdai. Akifunga amelipa, asipofunga tunamzomea. Beki aliyepanda mbele huku wenzake wamekwisha kufa moyo hatukumdai. Alichotupa (nawasemea Simba, Mungu anisamehe) hakikuwa kwenye mkataba. Deni likilipwa watu husahau, ila aliyekupa bila kuombwa unamtaja hadi kwa wajukuu.

Hoja hii sikuipata studio. Niliipata Yaeda Chini, bonde la Mbulu ambako kiangazi ziwa hubaki chumvi na vumbi, na Wahadzabe, Wadatoga na Wairaqw wanagombania ardhi kwa uzito zaidi ya sisi tunavyogombania dabi ya Kariakoo. Huko nilimwona mgeni mwenye kamera kubwa akimwomba kijana wa Kihadzabe avue jezi yake ili picha ya upinde itoke vizuri. Jezi ilikuwa ya Yanga, njano iliyofifia kama karatasi ya zamani. Kijana akaivua, akaikunja, akaiweka juu ya kigogo mbali na mavumbi. Picha ikapigwa, akaivaa tena, akaendelea na maongezi yake. Sijui kwa nini wachambuzi wa studio wananikumbusha kamera ile.

Na Mbulu si mahali pa kufundishwa shujaa ni nani. John Stephen Akhwari ni wa huko. Mexico, 1968, walianza marathoni watu 75, wakamaliza 57, naye akiwa wa mwisho, goti limeumia na kufungwa bandeji, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde. Wangapi wenu wanamjua aliyeshika nafasi ya pili? Tarehe ilikuwa 20 Oktoba. Siku ya Kaze, tofauti miaka 45. Mwenzangu chumba cha habari ananiambia ni bahati tu, niache ushirikina. Namwachia yeye takwimu.

Sasa yaliyomo. Makala ndefu kuliko zote ni ya Christopher Alex Massawe, na imestahili urefu wake. Kiungo mkabaji, mtu wa kazi chafu, ndiye aliyepiga penalti ya mwisho Cairo mwaka 2003, Simba ikawatoa Zamalek waliokuwa mabingwa wa Afrika. Kila mtu ana picha ya kipa Kaseja langoni usiku ule. Mwandishi wetu anauliza kwa nini mpigaji alirudi Dodoma akafariki 2015 wakati wengi wetu hatujui hata kwamba anaumwa. Isomeni mkiwa mmekaa. Patrick Mafisango amepata kurasa mbili: alifunga kwenye zile tano ambazo Simba waliifunga Yanga 6 Mei 2012, na siku kumi na moja baadaye ajali ya gari ikamchukua. Peter Tino na bao la Ndola la 1979, lililotupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika Lagos na kututosha kwa miaka 39, ameandikwa na mtu aliyelisikia redioni. Tukuyu Stars iliyotwaa ubingwa 1986 ipo. Coastal Union iliyoutwaa 1988 ipo, ingawa mwandishi ametaja kikosi kizima ili asimuudhi mtu Tanga.

Makala moja nimeichapa huku nikiipinga. Inadai kwamba sasa, kwa kuwa kila bao limo kwenye simu, kumbukumbu ya mashabiki imepata kinga na hakuna shujaa atakayepotea. Mshambuliaji Mayele anatajwa kama mfano: staili yake ya kutetema akifunga imesambaa hadi shule za msingi. Sawa. Lakini kilichosambaa ni kile kile, kwa kila mtu, kutoka kamera ileile. Bao la redio kila kijiji kilikuwa na lake.

Pale Yaeda Chini, kwenye duka lenye paneli moja ya sola, wazee wawili walibishana mbele yangu juu ya bao la Kaze. Mmoja alishika utosi wake: kichwa. Mwingine akajipiga gotini: goti, mpira ulimgonga tu, hata mwenyewe alishangaa. Wote wawili walisikiliza redio ileile, kwenye duka lilelile. Mwenye duka, akipima sukari, aliamua kwamba ilikuwa kisigino. Kisha wakanigeukia mimi, mtu wa Dar, wakaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, wewe ulikuwepo uwanjani. Lilikuwaje?"

Simu ilikuwa mfukoni, na video ya bao lile nilikuwa nimeihifadhi tangu nilipoanza kuandaa toleo hili. Nikaagiza soda tatu, nikawaambia nilikuwa nimeinama nimeshika kichwa, sikuona.