Mkweche Umezima Bahi: Fundi au Chuma Chakavu?

Mshikaji wangu wa Bahi anahaha. Hela ya mpunga anayo mfukoni, Corolla lake la 1996 liko juu ya mawe. Lilichemsha mpaka injini ikafa. Fundi anataka kuifungua. Shemeji anasema waongeze hela wavute jingine. Na hela yenyewe ndiyo ada ya watoto!

Sikia mshikaji, bei ya Japani isikuzuzue. Gari likishuka bandarini Dar linasubiriwa na ushuru wa forodha, VAT asilimia 18, na likiwa dogo lenye zaidi ya miaka 10 unapigwa asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Hapo mkweche unaanza kupendeza, eti?

Ila hiyo ya kufungua injini siipendi. Leo gasketi, kesho pistoni, keshokutwa unatembea kwa miguu. Bora injini nzima ya mtumba, uisikie ikinguruma kabla hujalipa. Dai risiti, maana namba ya injini imo kwenye kadi na TRA lazima waibadilishe.

Kabla ya hapo funua kapeti, choma sakafu kwa bisibisi, na pale shokapu zinaposhikwa. Ikizama, kutu imeshakula. Uza spea, basi. Bati likiwa zima, funga injini.

Haraka ya nini? Rodi laiseni ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo mkweche uliolala haukudai senti. Mpunga uliobaki acha uende Dodoma kwa basi.