ISTIKHARA HAIHALALISHI UPATU

Mwaka 2009 Serikali ilipoisimamisha DECI pale Mabibo, waumini wa misikiti yetu walikuwemo miongoni mwa walioliwa. Kwamba viongozi wake walikuwa wachungaji si hoja yetu. Hoja ni hawa wa safu ya kwanza.

Mtu "hupanda mbegu", akaahidiwa "kuvuna" kwa ziada. Shamba hakuna, duka hakuna. Faida ya aliyetangulia ni mtaji wa aliyefuata. Wakikoma wafuatao, wa mwisho amekwisha. Hesabu hiyo hata mtoto wa juzuu ya Amma anaiweza. Lakini jirani alipoezeka bati jipya, akili ikaachwa mlangoni pamoja na viatu.

Wengine hujitetea: "Tuliswali istikhara, moyo ukatulia." Subhanallah! Istikhara ni ya jambo la halali, baada ya kutafakari na kushauriana. Fedha kuzaa fedha ni riba. Hapo pana istikhara gani? Katika Suratul-Israa (17:36) tumekatazwa kufuata tusiyo na ujuzi nayo, na moyo umetajwa humo, pamoja na masikio na macho, kuwa utaulizwa. Moyo ni mshitakiwa. Vipi mmeufanya kadhi?

Leo upatu huo umehamia kwenye simu, na wanaotuuliza hukumu yake hapa Temeke huja wakiwa wameshatuma pesa.